Kwa Nini Chombo Hupinduka Siku ya Kushuliwa

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo kizito ndicho kilicho karibu na kuzama, na chombo chepesi ndicho kilicho salama. Neno hili ni kweli nusu, na kutoijua nusu iliyobaki kumewaangamiza wengi. Ziko meli zilizopinduka, si kwa kupakiwa mno, bali kwa kuwa tupu. Tena nyingine zilipinduka siku ile ile zilipotiwa majini mara ya kwanza, mbele ya macho ya mafundi waliozijenga na wageni waliokuja kuzishangilia. Katika makala hii twataka kuwaeleza wasomaji sababu za mambo hayo. Si habari ya watu wa bandari kubwa tu. Yeye asafiriye baharini kwa meli ya chuma, na yeye avukaye ziwa au mto kwa mtumbwi, wote wawili wamo chini ya sheria moja, na maji hayambagui mtu.

MAJI YACHUKUAVYO CHOMBO

Kwanza yafaa tujue kwa nini chombo huelea. Zamani sana, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo, alikuwako Mgiriki mwenye elimu nyingi, jina lake Archimedes, akikaa katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily. Yeye ndiye aliyefahamisha ya kuwa kitu chochote kitiwacho majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale kiliyoyaondoa mahali pake. Donge la chuma huzama, maana huondoa maji machache yasiyotosha kulichukua. Lakini chuma kile kile kikifuliwa kuwa bamba, kisha bamba likakunjwa kama bakuli, huondoa maji mengi, nacho huelea. Hivyo ndivyo meli yenye uzito wa maelfu ya tani iwezavyo kukaa juu ya maji.

Walakini kuelea ni jambo moja, na kusimama wima ni jambo jingine. Gogo huelea vizuri sana, lakini mtu akijaribu kusimama juu yake litamviringisha mara moja.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa chupa tupu iliyozibwa vema. Akiisimamisha juu ya maji ya karai na kuiachia, italala ubavu papo hapo. Kisha na atie ndani mchanga wenye kimo cha vidole vitatu, aizibe, aiweke tena. Sasa chupa itasimama, na hata akiisukuma kwa kidole, itainama kidogo halafu itajiinua yenyewe. Chupa imekuwa nzito kuliko kwanza, nayo imezama chini zaidi, lakini imekuwa imara. Baada ya hayo na afunge jiwe shingoni mwa chupa ile ile, naye ataiona ikilala tena. Mchanga ni uzito, na jiwe ni uzito. Lakini mmoja umeisimamisha chupa na mwingine umeiangusha. Tofauti yake ni mahali tu ulipowekwa.

Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo hili tangu zamani, hata kabla ya kuandikwa vitabuni. Jahazi likiisha kushusha shehena, nahodha hakubali kutweka tanga na kuondoka tupu. Hutia mawe au mchanga chini kabisa ndani ya jahazi. Mzigo huo, usiouzwa wala kununuliwa, huitwa farumi. Mgeni aweza kushangaa kuona watu wakitaabika kupakia mawe yasiyo na faida, lakini faida yake ni roho za watu.

NGUVU MBILI ZA CHOMBO

Sasa na tulitazame jambo hili kwa undani. Uzito wote wa chombo, yaani mbao, chuma, mitambo, mizigo na watu, waweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika mahali pamoja. Hapo na tupaite kitovu cha uzito. Nguvu yake huvuta chini. Vivyo hivyo nguvu yote ya maji yanayokichukua chombo yaweza kuhesabiwa kana kwamba imekusanyika mahali pamoja, katikati ya ile sehemu iliyozama. Hapo na tupaite kitovu cha kuelea. Nguvu yake husukuma juu. Chombo kikitulia, nguvu hizi mbili zimo katika mstari mmoja, moja ikishuka na moja ikipanda, wala hapana ugomvi kati yake.

Upepo ukikiinamisha chombo upande wa kuume, ubavu wa kuume huzama zaidi na ubavu wa kushoto huinuka. Basi kitovu cha kuelea nacho huhamia kuume, kwa sababu sasa maji mengi zaidi yameondolewa upande huo. Kitovu cha uzito hakihami, maadamu mizigo imefungwa. Hapo maji husukuma juu kwa upande wa kuume, na uzito huvuta chini kwa upande wa kushoto wake, nazo nguvu hizi kwa pamoja hukirudisha chombo wima. Lakini kitovu cha uzito kikiwa juu mno, chombo kikiinama uzito huo huelekea nje, ukapita mahali maji yanaposukuma. Ndipo nguvu zile zile zilizokuwa zikikiokoa chombo hugeuka kuwa adui zake, nazo hukiinamisha zaidi na zaidi mpaka kipinduke.

Mfaransa mmoja, Pierre Bouguer, aliieleza hesabu hii katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1746. Alionyesha ya kuwa pana mpaka huko juu ambao kitovu cha uzito kisiuvuke. Wataalamu huuita mpaka huo metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya mpaka huo, chombo kikiinamishwa kidogo hurudi. Kikiuvuka, hakisimami wima.

Upana wa chombo nao una kazi yake. Chombo kipana kikiinama kidogo tu, ubavu wake huondoa maji mengi, nacho husukumwa juu kwa nguvu. Chombo chembamba hakipati msaada huo. Ndiyo sababu ngalawa, iliyochongwa katika gogo jembamba, hupewa matengo yake mawili yaliyo mbali kulia na kushoto. Bila hayo isingaliweza kuchukua tanga. Lakini si vema kupita kiasi hata katika uimara. Chombo chenye uzito mwingi mno chini kabisa hurudi wima kwa nguvu na ghafula, hata watu hutupwa huku na huku na mizigo hukatika kamba zake. Kazi ya muunzi wa vyombo ni kupata kiasi cha katikati.

MANOWARI ILIYOZAMA MBELE YA MJI

Habari mashuhuri ya uzito uliowekwa juu mno ni ile ya manowari Vasa ya Uswidi. Mfalme Gustav Adolf aliagiza ijengwe katika mji wa Stockholm. Ilikuwa na safu mbili za mizinga, moja juu ya nyingine. Mizinga yote ilikuwa 64. Ilipambwa kwa sanamu nyingi za mbao, na milingoti yake ilikuwa mirefu sana. Fundi mkuu aliyeianza, Henrik Hybertsson, alikufa mwaka wa 1627 kabla kazi haijaisha.

Kabla ya safari, manowari ilijaribiwa ikiwa imefungwa pwani. Watu 30 waliamriwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kisha warudi, ili ionekane jinsi itakavyoinama. Walipokwisha kukimbia mara tatu, jemadari Klas Fleming akaamuru waache, kwa kuwa manowari ilikuwa ikiyumba hata ikawa karibu kupinduka palepale. Kila aliyekuwapo aliona. Lakini mfalme alikuwa vitani ng'ambo, akiihimiza manowari yake, wala hapana aliyethubutu kusema isiende.

Tarehe 10 Agosti 1628 ikatweka. Upepo ulikuwa mwanana. Pumzi moja ya upepo ikaiinamisha, ikarudi. Pumzi ya pili ikaiinamisha zaidi, na maji yakaingia katika madirisha ya mizinga ya safu ya chini, yaliyokuwa wazi. Manowari ikazama ikiwa haijaenda hata maili moja kutoka ilikoanzia, na watu wapata 30 wakafa mbele ya mji mzima. Ulifanywa uchunguzi, lakini hapana mtu aliyeadhibiwa.

Mtu aweza kuuliza: Je, haikuwa na farumi? Ilikuwa nayo, tani 120 hivi za mawe. Wala haikuwa rahisi kuongeza nyingine, kwa sababu farumi ikizidi, manowari ingezama chini zaidi, na madirisha yale ya mizinga yangekuwa karibu mno na maji. Kosa lilikuwa katika umbo lenyewe: sehemu ya juu ilikuwa nzito kupita kiasi cha upana wa sehemu iliyokuwa ndani ya maji. Kosa la umbo haliponywi kwa mawe. Manowari hiyo iliinuliwa kutoka chini ya bahari tarehe 24 Aprili 1961, nayo imewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Stockholm, ambapo watu huitazama na kujifunza.

SIKU YA KUSHUA NI SIKU YA HATARI

Vasa ilipinduka katika safari yake ya kwanza. Lakini ziko meli ambazo hazikufika hata siku ya safari. Meli kubwa kwa desturi hujengwa juu ya nchi kavu, mahali penye mteremko kuelekea majini. Siku ya kushuliwa huondolewa magadi, nayo huteleza juu ya njia ya magogo iliyopakwa mafuta, mara nyingi ikitangulia tezi, yaani nyuma yake. Kushua huku huchukua dakika chache tu, lakini mna hatari tatu katika dakika hizo.

Hatari ya kwanza ni kwamba meli ni tupu. Makaa au mafuta yake hayamo, maji yake hayamo, shehena haimo, na pengine hata mitambo, iliyo mizito kuliko vitu vyote, haijatiwa. Vitu hivi vyote hukaa chini. Lakini vyumba vya juu, sitaha na milingoti huenda vimekwisha kujengwa. Basi meli hiyo ni kama ile chupa yenye jiwe shingoni na isiyo na mchanga.

Hatari ya pili ni ule wakati tezi imekwisha kuingia majini na kuinuliwa, na omo, yaani mbele, ingali ikilalia magogo. Kwa muda huo meli haichukuliwi na maji yote wala na nchi kavu yote, na uimara wake huwa mdogo kuliko utakavyokuwa ikiisha kuelea sawasawa.

Hatari ya tatu ni vitu na watu wasiofungwa. Ndani ya meli isiyokwisha mna mbao, vyombo vya mafundi, minyororo na watu wa kazi. Meli ikiinama, vyote hivi huteremka upande ule ule ulioinama, navyo huongeza uzito mahali pabaya kuliko pote. Madirisha na milango nayo huenda haijafungwa, nayo hupitisha maji.

MELI DAPHNE, MWAKA WA 1883

Hatari hizi zilionekana wazi huko Uskoti, katika mto Clyde, karibu na mji wa Glasgow. Tarehe 3 Julai 1883 meli ndogo iliyoitwa Daphne ilishuliwa, na ndani yake walikuwamo watu wa kazi wapata 200: maseremala, mafundi wa chuma, mafundi wa rangi na vijana wanaojifunza kazi. Waliwekwa humo ili meli ikiisha kuelea waendelee na kazi bila kupoteza wakati, maana sikukuu ya mji ilikuwa karibu na meli ilikuwa ikitakiwa.

Daphne iliteleza vizuri, ikaingia majini, kisha ikainama upande mmoja. Watazamaji walidhani itarudi. Haikurudi. Watu na vyombo vya kazi viliporomokea upande ulioinama, maji yakaingia, nayo ikalala ubavu na kuzama. Watu 124 walikufa, na wengi wao walinaswa vyumbani wasipate njia ya kutoka.

Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Edward Reed, fundi mkubwa wa manowari, achunguze sababu. Alieleza ya kuwa meli ilikuwa na uimara kidogo sana katika hali ile ya utupu, tena watu na vitu visivyofungwa vilikuwa vingi mno. Tangu hapo ilishauriwa kwamba siku ya kushua wasiwemo ndani ya meli ila wale wachache wanaotakiwa kwa kazi ya kamba na nanga, na waunzi wakatilia mkazo zaidi kuhesabu uimara wa meli ikiwa tupu, si ikiwa imepakiwa tu. Haraka haraka haina baraka. Siku chache za kazi zilizotafutwa huko zililipwa kwa roho 124.

Wala si walio ndani tu walio hatarini. Tarehe 21 Juni 1898, manowari Albion iliposhuliwa katika mto Thames mjini London, haikupinduka hata kidogo. Lakini uzito wake ulipoingia majini ulisukuma wimbi kubwa, nalo wimbi likavunja jukwaa la mbao walimosimama watazamaji wengi. Watu 34 walikufa, na kelele za shangwe zilikuwa kubwa hata wengi hawakujua mara moja lililotokea.

MELI ILIYOPAMBWA KABLA YA WAKATI

Huko Italia, tarehe 22 Septemba 1907, meli kubwa ya abiria iliyoitwa Principessa Jolanda, kwa jina la binti wa mfalme, ilishuliwa mahali paitwapo Riva Trigoso. Uzito wake katika hesabu ya meli ulikuwa tani zaidi ya 9,000. Wenyewe walitaka ishuke majini ikiwa tayari. Basi vyumba vya juu vilikuwa vimekwisha kupambwa kwa samani nzuri. Lakini makaa hayakuwamo, wala farumi haikuwamo. Meli ikaingia majini, ikainama upande wa kushoto, na maji yakapata njia katika madirisha yaliyokuwa wazi. Mashua zilijaribu kuivuta isilale, lakini haikufaa kitu. Meli ililala ubavu karibu na pwani, na watu waliokuwamo wakajiponya. Haikuweza kuinuliwa tena. Ilivunjwa pale pale.

Dada yake, Principessa Mafalda, ilishuliwa mwaka wa 1908. Safari hii mafundi hawakupamba vyumba vya juu kwanza, nayo ilielea salama. Umbo lilikuwa moja na mafundi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mpango wa uzito siku ya kushua.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yamekwisha kwa sababu elimu imeendelea. Tarehe 18 Mei 2014, huko Anacortes katika jimbo la Washington, Marekani, mashua ya anasa iitwayo Baden, yenye urefu wa futi 90, ilishuliwa ikainama na kulala ubavu mara ilipoelea, na waliokuwamo ikabidi waokolewe. Mnamo Septemba 2025, pwani ya kaskazini ya Uturuki, mashua nyingine ya anasa, jina lake Dolce Vento, ilizama robo saa hivi baada ya kushuliwa, na watu wake wakajitupa majini na kuogelea hadi pwani. Mashua za namna hii, ziitwazo yoti, zastahili uangalifu mkubwa, kwa sababu wenye mali hutaka vyumba vingi, ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa huinua kitovu cha uzito.

JARIBIO LA TIMAZI

Siku hizi hapana haja ya kuwakimbiza watu 30 kama walivyofanya Stockholm. Meli ikiisha kuelea, wataalamu huweka juu ya sitaha vyuma ambavyo uzito wake wajulikana, na ndani ya meli huning'iniza timazi ndefu, kama ile ya fundi wa kujenga nyumba. Vyuma huhamishwa kutoka ubavu hadi ubavu kwa umbali uliopimwa, na timazi huonyesha meli imeinama kiasi gani. Kwa hesabu hiyo hujulikana kitovu cha uzito ki wapi. Meli ikiinama kidogo tu, ni imara. Ikiinama sana kwa uzito mdogo, ni onyo. Lakini jaribio halifai kitu ikiwa wakubwa hawataki kusikia jibu lake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na asiyesikia la timazi huwavunja na wengine.

UZITO ULIOZIDI

Tumesema habari za wepesi. Sasa na tuseme habari za uzito. Manowari ya Kiingereza iliyoitwa Captain ilijengwa kwa shauri la Cowper Coles, aliyependa meli yenye ubavu mfupi juu ya maji, na mizinga mizito juu ya sitaha. Ilikusudiwa ubavu wake uwe na futi 8 juu ya maji. Lakini katika kuijenga uzito ulizidi ule uliohesabiwa, nayo ikazama chini zaidi, ikabaki na futi 6 na inchi 6 tu. Juu yake ilichukua milingoti mirefu na matanga makubwa.

Yule Edward Reed tuliyemtaja alikuwa ameonya habari za meli hii kabla. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na rasi ya Finisterre ya Hispania, upepo mkali uliiinamisha. Ubavu mfupi ukaingia majini upesi. Na ubavu ukiisha kuzama wote, haupo tena mwili wa meli wa kuondoa maji mengine upande ule, na nguvu ya kuirudisha hupungua. Captain ikapinduka, na watu karibu 480 wakafa, Coles mwenyewe akiwa mmoja wao. Hawakuokoka ila 18.

Kwa hiyo chombo kilichopakiwa mno kina hatari yake, hata kama mzigo umewekwa chini: ubavu uliobaki juu ya maji huwa mfupi, na wimbi dogo hutosha. Mbunge wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alishindana miaka mingi na wenye meli waliopakia kupita kiasi, na sheria ya mwaka wa 1876 iliamuru meli zitiwe alama ubavuni. Msomaji akifika bandarini ataiona: mviringo uliokatwa katikati kwa mstari. Mstari huo ukiwa chini ya maji, meli imepakiwa kupita sheria.

UZITO UHAMAO

Uko uzito wa tatu ulio mbaya kuliko yote, nao ni ule usiotulia mahali pake. Chukua sinia pana yenye maji kidogo ujaribu kutembea nayo. Ikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ule, na sinia huinama zaidi. Ndivyo yalivyo maji ya ngama yaliyoachwa ndani ya chombo bila kutekwa: hayakai kama farumi, bali hukimbilia upande ulioinama.

Na watu ni kama maji. Wakiketi ni farumi. Wakisimama kitovu cha uzito hupanda. Wakikimbilia upande mmoja humpindua aliyewabeba. Ziwa Victoria limetufundisha kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa imechukua watu kupita kiasi chake, na watu zaidi ya 800 wakafa. Ilielea kichwa chini kwa muda, kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Lakini ilipotobolewa ili watu watolewe, hewa ikatoka, nayo ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu wapata 100, nao waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 200. Ilielezwa ya kuwa abiria walisogea pamoja upande mmoja kilipokuwa kikikaribia kutia gati. Gati ilionekana kwa macho. Hatua chache za watu zikatosha.

MASHAURI KWA WASAFIRI NA WENYE VYOMBO

Basi, yatupasa kushika mambo haya machache. Kwanza, mzigo mzito uwekwe chini na katikati, nao ufungwe. Magunia yasiwekwe juu ya paa la chombo kwa kuwa ndani mmejaa. Pili, chombo kitupu kisitweke tanga bila farumi. Tatu, maji ya ngama yatekwe kabla ya kuondoka, na tena njiani. Nne, abiria waketi, wala wasiinuke wote pamoja chombo kinapokaribia pwani. Na washuke mmoja mmoja kwa kufuata neno la nahodha. Tano, mwenye chombo akitaka kuongeza chumba, paa au mtambo juu ya chombo cha zamani, na amwite kwanza fundi ajuaye kuhesabu, maana chombo kikibadilishwa juu si kile kilichopimwa. Sita, siku ya kushua chombo kipya, watu wa ngoma na shangwe wakae pwani mbali na maji, na ndani wasiwemo ila wenye kazi.

Tena wako wenye amri katika vivuko na vijiji vya pwani, na walimu wanaowavusha watoto kwenda shule. Hao wana neno moja kubwa la kukumbuka katika habari ya Vasa. Watu 30 walikimbia, manowari ikayumba, na wote wakaona. Lakini kila mmoja alingoja mwingine aseme. Kumwambia nahodha "hatuondoki mpaka watu kumi washuke" ni maneno machache, nayo huleta manung'uniko ya saa moja. Ni afadhali manung'uniko hayo kuliko matanga ya wilaya nzima.